Mji Mkongwe wa Edinburgh kwa goti linalouma

Swali: Mdogo wangu wa kike anahitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh mwezi wa Julai, nami nitasafiri na mama yetu kutoka Tanga kwenda kumshuhudia. Mama ana miaka 71. Goti la kushoto linamsumbua, anatembea kwa fimbo, na ngazi zikizidi kumi inakuwa shida. Ni mtu wa sala tano. Ukiondoa siku ya mahafali tuna siku moja tu ya kuzunguka, na ameshatuonya kwamba hatoki Tanga kwenda kuangalia mji kwenye dirisha la basi, anataka kuukanyaga. Kwenye ramani Mji Mkongwe unaonekana mdogo sana. Je, ataweza? Tupite wapi?

Jibu: Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Ndiyo, dada, ataweza, tena bila kuteseka, ila msiifuate ramani ya simu. Mji Mkongwe wa Edinburgh ni mdogo kweli. Kutoka lango la ngome hadi lango la kasri la mfalme hazifiki kilomita mbili, na kijana mwenye haraka zake anamaliza kwa nusu saa. Lakini mji huu umejengwa kwa kwenda juu na chini, na simu haijui juu wala chini. Inakuonyesha barabara mbili zimekutana, unafika unakuta moja imepita juu ya nyingine kwa daraja, na kinachoziunganisha ni ngazi za mawe zenye kiza. Kwa goti la mama, pima ngazi kwanza, kilomita baadaye.

Nikueleze umbo la mji, maana ukishalielewa hutapotea. Ngome imekaa juu ya jiwe jeusi, koo la volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Zama za barafu zilipofika, barafu ilikuwa ikisukuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ikaligonga lile jiwe, ikashindwa kulivunja, ikapita pande zake mbili ikichimba mabonde, na nyuma ya jiwe ikaacha mkia wa ardhi unaoteremka polepole. Mji umejengwa juu ya mkia huo. Barabara kuu, ambayo watu huiita Royal Mile, inapita mgongoni kabisa, na kutoka kila upande vichochoro vinashuka bondeni kama miiba inavyotoka kwenye uti wa samaki. Mtu wa Tanga sina haja ya kumchorea samaki. Nyinyi kaeni kwenye uti, miiba muwaachie wenye magoti.

Vichochoro hivyo kila kimoja kinaitwa Close, na vingi vimepewa jina la mwenye nyumba wa zamani au la biashara iliyokuwa ikifanyika humo. Mlango wake barabarani ni mdogo na unavutia, na chini kabisa unaona mwanga, kama Unguja unapochungulia uchochoroni ukaona bahari kwa mbali. Hapo ndipo wageni wananaswa. Miji hiyo miwili imo kwenye orodha moja ya UNESCO, Edinburgh tangu 1995 na Mji Mkongwe wa Unguja tangu 2000, lakini Unguja ukipotea unapotea kwenye tambarare. Huku ukipotea unajikuta bondeni, na njia ya kurudi ni ngazi.

Nayajua haya kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya kutembeza wageni nilimpokea mjomba wangu, mtu mzima mwenye mwili, nikamshusha Fleshmarket Close, kichochoro cha soko la nyama la zamani, kwa kuwa kwenye ramani kilikuwa njia ya mkato ya kwenda stesheni. Alishuka kimya huku mkono umeshika chuma cha ukutani. Katikati akaketi juu ya ngazi, akafuta jasho, akaniuliza, “Mjomba, umenileta mjini au umenileta kisimani?” Tangu siku ile kila njia ninayompa mtu nimeihesabu ngazi zake kwanza.

Basi, anzieni juu, mshuke. Kutoka juu hadi chini tofauti ya kimo ni mita sitini na kitu, zilizotandazwa kwenye njia nzima, kwa hiyo ni mteremko wa kawaida tu. Ila nikuambie ukweli ambao watu wa utalii hawausemi: goti bovu mara nyingi hulalamika kwenye kuteremka kuliko kwenye kupanda. Kwa hiyo nitaukata mteremko vipande viwili, na kipande kikali kuliko vyote mtakiruka kwa taksi. Hatua ziwe fupi. Na fimbo aishike mkono wa kulia, kinyume na goti linalouma. Wengi wanaishika upande uleule wa maumivu, na hapo fimbo inakuwa pambo.

Viatu ni vya soli ya mpira, bapa, vilivyokwisha kuvaliwa. Sehemu kubwa ya barabara imetandikwa mawe ya kuchonga, na yakinyeshewa yanateleza kama sakafu ya bafuni. Kando kwenye njia ya waendao kwa miguu kuna mabamba yaliyo sawa zaidi, pitieni huko. Hali ya hewa ya Julai ni kama Lushoto asubuhi ya baridi: joto la mchana kwa wastani nyuzi 19 hivi, na upepo hauombi ruhusa. Mwavuli wacheni hotelini, upepo wa pale juu utaupindua. Koti lenye kofia ndilo kinga.

Saa nne asubuhi mwambieni dereva wa taksi awashushe juu ya Johnston Terrace, penye jengo la kanisa la zamani lenye mnara mrefu mweusi, The Hub. Chukueni zile taksi nyeusi, sakafu yake ni pana na zina ubao wa kuingilia kwa asiyeweza kupanda. Dereva akiombwa anautoa bila kununa. Kutoka hapo hadi uwanja wa mbele ya ngome kuna kupanda kidogo, dakika chache. Ndiyo kupanda kwa kutaja siku nzima, na mama atakuwa bado na nguvu za asubuhi.

Muingie ngomeni? Kama mama hana hamu ya pekee, mimi ningeiacha. Ndani ni mawe na mwinuko tena, Julai watu ni msongamano, na nguvu za siku zitaishia humo. Mkitaka kuingia, tiketi zikateni mtandaoni mapema na muulizie gari dogo la kuwapandisha wenye shida ya kutembea. Na kama mdogo wako ameahidi kumwonyesha mama Jiwe la Hatima, jiwe ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake, mwambie halipo tena: limehamishiwa Perth mwaka 2024. Msishangae pia kukuta uwanja wa mbele umejaa majukwaa ya vyuma. Ni ya maonyesho ya bendi za kijeshi ya Agosti, husimikwa mapema.

Pale mnapoanza kushuka, ukutani, kuna kitu kidogo ambacho watu mia wanakipita kabla mmoja hajakiona: bamba la shaba lenye nyoka na vichwa viwili vya wanawake, juu ya kijisima. Liliwekwa mwaka 1894. Linawakumbuka watu zaidi ya 300, wengi wao wanawake, waliochomwa moto kwenye kilima hiki kwa kutuhumiwa uchawi. Simameni hapo dakika mbili. Mzee anayetoka kwetu hahitaji maelezo marefu juu ya kikongwe kuitwa mchawi.

Mkishuka hatua chache, kulia kwenu kuna njia fupi, Upper Bow. Ifuateni hadi kwenye baraza la wazi liitwalo Victoria Terrace, mtazame chini. Mtaa wa rangi rangi uliojipinda unaouona kwenye picha zote za Edinburgh ni ule pale, Victoria Street. Mwacheni mama apige picha kutokea juu, kisha mrudi mlikotoka. Atakayewashawishi mshuke ngazi zile “ni chache tu” hana goti bovu. Mtaa ule unaishia Grassmarket, zamani soko la mifugo na mahali pa kunyongea watu. Mwaka 1724 alinyongwa hapo mwanamke aitwaye Maggie Dickson, akatiwa jenezani, na njiani kupelekwa kuzikwa akazinduka. Akaishi miaka mingi baadaye. Simulieni mkiwa juu, hadithi haipungui ladha.

Sasa mko Lawnmarket, kipande kinachofuata cha Royal Mile. Upande wa kushoto tafuteni nyumba yenye ndege wa dhahabu aliyetandaza mabawa juu ya mlango: Gladstone's Land, ghorofa sita, iliyonunuliwa na mfanyabiashara Thomas Gledstanes mwaka 1617. Nyumba hii ndiyo inayoeleza mji mzima. Ukuta wa mji ulibana, ardhi ikaisha, watu wakajenga kwenda juu. Jaji, fundi cherehani na mchukuzi waliishi jengo moja, tofauti ikiwa ni ghorofa tu, na ngazi wakapanda wote. Choo hakikuwepo. Maji machafu yalirushwa dirishani, na anayerusha alipaswa kupaza sauti, “Gardyloo!”, maneno ya Kifaransa yaliyopondwapondwa, maana yake jihadhari na maji. Ni “simile!” ya hamali wetu, ila huyu wa Edinburgh hakuwa amebeba gunia.

Jirani hapo mtaona kibao cha Makumbusho ya Waandishi. Jengo ni zuri na kuingia ni bure, lakini ndani ni ngazi nyembamba zilizopinda. Mwacheni mhitimu aingie peke yake akawasimulie.

Penye makutano na George IV Bridge ameketi mwanafalsafa David Hume, kwa shaba, kifua wazi. Kidole chake cha mguu kinang'aa kama sufuria mpya, kwa sababu kila mwanafunzi mwenye mtihani hupita akikisugua apate bahati. Hume maisha yake yote alipigana na ushirikina kwa kalamu. Nikiwa na wageni huwa nawaacha wakisugue kwanza, ndipo nawaambia.

Kabla ya kuvuka, msalani. Mji huu vyoo vya umma ni vya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo shika kanuni moja: ukiwa karibu na jengo la taifa, ingia. Maktaba ya Taifa iko hapo hapo kwenye George IV Bridge, dakika mbili kwenye tambarare. Ina lifti, vyoo safi na mahali pa chai. Hakuna atakayekuuliza umekuja kusoma nini.

Kisha kanisa la St Giles. Hapa ningekaa muda mrefu kuliko popote. Mbele ya mlango, kwenye mawe ya barabarani, kuna umbo la moyo lililopangwa kwa mawe ya rangi. Ndipo lilipokuwa gereza la mji hadi lilipobomolewa mwaka 1817, na wenyeji mpaka leo wanatema mate juu yake wanapopita. Mama aukwepe, na nyinyi msimtemee mtu viatu. Klabu ya mpira ya Hearts imechukua jina kwa moyo huohuo, Heart of Midlothian, na shabiki wa wapinzani wao akitema ana sababu ya ziada.

Kanisa lenyewe lina mnara wa umbo la taji tangu mwishoni mwa karne ya 15. Kuingia hakuna kiingilio, wanaomba mchango. Kama mama hana kizuizi moyoni cha kuingia kanisani, kuna viti vingi na utulivu. Kama anacho, uwanja wa nyuma una mahali pa kukaa. Ndani tafuteni kigoda cha shaba. Inasimuliwa kwamba tarehe 23 Julai 1637, mwuza sokoni aitwaye Jenny Geddes alimrushia kigoda mchungaji aliyeanza kusoma kitabu kipya cha sala kilicholetwa kwa amri ya mfalme kutoka London. Ghasia ikatoka kanisani ikaingia mitaani, mwaka uliofuata Waskoti wakatia saini agano lao la kumpinga mfalme, na mambo yakaishia vitani. Mwanamke wa sokoni na kigoda chake! Mama atampenda. Kisha ingieni kikanisa cha pembeni, Thistle Chapel, cha mwaka 1911, mkatafute kwenye nakshi za mbao malaika anayepuliza zumari la mfuko, lile la Kiskoti. Ni mdogo, na anayemwona wa kwanza anunuliwe chai.

Nyuma ya kanisa kuna maegesho ya magari. Nafasi namba 23 ina alama chini: hapo, au karibu na hapo, alizikwa John Knox, mhubiri aliyeugeuza Uskoti kuwa nchi ya Kiprotestanti. Makaburi yote yale yamefunikwa. Mtu aliyemliza malkia kwa hotuba zake leo anaegeshewa gari kifuani.

Hapo itakuwa inakaribia saa saba mchana. Mtayarisheni mama: saa saba kamili mzinga unalia ngomeni, kila siku isipokuwa Jumapili, Krismasi na Ijumaa Kuu. Umelia tangu 1861, ili mabaharia waliokuwa kwenye ghuba ya Forth waweke saa zao sawa. Waskoti wanauita mzinga wa saa moja. Kwa saa zetu ni wa saa saba. Wenyeji hawageuki hata shingo, mgeni anaruka. Na Julai Adhuhuri inaingia kama robo saa baada ya mzinga, kwa hiyo mama ana mwadhini wa baruti.

Hapa ndipo mkato wangu. Chukueni taksi mwende Msikiti Mkuu wa Edinburgh, Potterrow, mwendo wa dakika chache. Ulifunguliwa mwaka 1998, na waliouchora walichanganya ujenzi wa Kiislamu na ule wa ngome za Uskoti, kazi ambayo ingeweza kuharibika lakini haikuharibika. Mwelezeni msimamizi habari ya goti kabla mama hajavua viatu, ili aonyeshwe mahali panapofaa. Kama atachanganya Adhuhuri na Alasiri mwenyewe anaijua ruhusa ya msafiri. Chakula ni hapo karibu, Nicolson Square, mgahawa uitwao Mosque Kitchen: mchuzi, wali, sahani imejaa, bei ya wanafunzi. Baada ya siku mbili za mkate na viazi, mama atawasamehe mengi.

Mkisharudi kwenye taksi msirudi St Giles. Mwambieni dereva awapeleke Netherbow, penye nyumba ya John Knox. Kwa njia hiyo mmekiruka kipande cha High Street, yaani Royal Mile ileile, kuanzia North Bridge kwenda chini, ambacho ndicho chenye mteremko mkali. Hamtakuwa mmekosa kitu cha maana. Kuna ziara ya chini ya ardhi, Mary King's Close, kichochoro cha zamani kilichofunikwa na jengo la halmashauri katika karne ya 18, lakini humo ni ngazi, giza na kuinama.

Nyumba ya John Knox imetokeza barabarani kama mtu anayechungulia nani anapita. Kwamba Knox aliishi humo ni jambo la kubishaniwa, lakini uvumi huo ndio ulioiokoa isibomolewe. Ubavuni mwake kuna kituo cha wasimulizi wa hadithi, chenye chai na vyoo. Ketini. Kisha, kwenye makutano yanayofuata, angalieni chini: vipande vya shaba vimepachikwa barabarani. Vinaonyesha lilipokuwa lango la mji, lililobomolewa mwaka 1764. Kichochoro cha mwisho kabla ya lango kinaitwa World's End, mwisho wa dunia, kwa sababu kwa mtu wa ndani ya ukuta dunia iliishia hapo.

Mkivuka shaba zile mmetoka Edinburgh. Canongate ilikuwa mji mwingine kabisa mpaka ulipomezwa mwaka 1856, na hata miguu inahisi: mteremko unalegea, watu wanapungua, maduka ya sketi za Kiskoti yanabaki nyuma. Hiki ndicho kipande ninachokipenda, na ndicho watalii wengi hawakifiki kwa kuchoka.

Saa kubwa iliyoning'inia juu ya barabara ni ya jumba la mwaka 1591, lililokuwa ofisi ya mji na gereza. Linalofuata ni kanisa la Canongate. Nje ya geti, juu ya njia ya waendao kwa miguu, kijana wa shaba anatembea kwa haraka, kitabu mkononi. Ni mshairi Robert Fergusson, aliyefariki mwaka 1774 akiwa na miaka 24. Alizikwa bila jiwe, hata mshairi Robert Burns, aliyemwona kuwa mwalimu wake, akaja kulilipia. Sanamu haina jukwaa, iko kimo cha watu, kwa hiyo mama anaweza kumshika mkono.

Ndani ya geti, upande wa kushoto nyuma ya jumba la saa, amelala Adam Smith, baba wa uchumi wa soko, aliyefariki mwaka 1790 katika nyumba iliyo karibu na hapo. Ninapofika na Watanzania huwa naongeza jambo. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949, akachukua shahada yake ya M.A. mwaka 1952, na uchumi wa kisiasa ulikuwa miongoni mwa masomo yake. Aliusoma katika mji wa Adam Smith, akarudi nyumbani akatuletea Ujamaa. Kila mtu na atakavyoufasiri ukaidi huo.

Ukitoka kanisani, mlango wa pili au wa tatu, kuna kichochoro kimoja ninachowaruhusu kukiingia: Dunbar's Close. Hakina ngazi za kutisha, kina mwinamo mdogo tu. Mwishoni kuna bustani iliyopandwa miaka ya 1970 kwa mtindo wa karne ya 17, vichaka vimekatwa kama herufi, njia nyembamba kati ya vitalu, mabenchi kivulini. Kelele ya barabara inakatika kama redio iliyozimwa. Wanaokuja ni wachache: wafanyakazi na vifungua kinywa vyao, paka mmoja wawili. Kuingia ni bure, geti hufungwa jioni. Mwacheni mama hapo nusu saa nzima, afungue kiatu kama anataka. Nimewahi kukaa na wageni hapo hadi wakakataa kuendelea, na sikuwalaumu.

Mkiendelea, chini kabisa ni Bunge la Uskoti, lililofunguliwa rasmi Oktoba 2004. Mchoraji wake, Enric Miralles wa Barcelona, alifariki mwaka 2000 kabla hajaliona, na gharama zilifika pauni milioni 414, jambo ambalo dereva wa taksi atawaeleza bila kuulizwa. Mimi nalipenda, wenyeji wengi hapana. Kwenu faida ni hii: lifti, vyoo, viti, na kuingia ni bure baada ya kukaguliwa kama uwanja wa ndege. Ng'ambo ya barabara ni kasri la Holyroodhouse. Humo, tarehe 9 Machi 1566, katibu wa Malkia Mary, David Rizzio, aliburutwa kutoka mezani na kuchomwa visu, malkia akiwa mjamzito na akiona. Kwa nje inatosha. Nyuma yake ni kilima cha Arthur's Seat, mita 251; mhitimu atasema ni rahisi. Kwake. Hapo iteni taksi, au pandeni basi la Lothian mkilipa kwa kadi, maana dereva wa basi harudishi chenji.

Itakuwa saa kumi na moja hivi, na jua bado juu kabisa. Msidanganyike mkaendelea kuzurura: Magharibi Julai inaingia karibu saa nne usiku.

Siku ya mahafali itawapa Mji Mkongwe wa upande wa pili bila kuongeza mwendo. Sherehe hufanyika McEwan Hall, ukumbi wa mwaka 1897. Mama atauliza kwa nini mtoto wake anapigwa kofia kichwani: kila mhitimu huguswa na kofia moja nyeusi ya zamani, ambayo wanafunzi hudai ilishonwa kwa suruali ya John Knox. Ndani yake imeshonewa nembo ya chuo iliyokwenda anga za juu mwaka 2006 na mwanaanga Piers Sellers, mhitimu wa hapo. Mkitoka, dakika chache ni Makumbusho ya Taifa, Chambers Street: bure, lifti kila upande, ukumbi mkubwa wa vioo wenye viti. Nje yake yupo mbwa mdogo wa shaba, Greyfriars Bobby, ambaye inasimuliwa alilinda kaburi la bwana wake kuanzia 1858 hadi mwenyewe alipokufa 1872.

Na mkibakiwa na saa moja kabla ya kuondoka, tramu ya uwanja wa ndege inapita Princes Street. Kwenye bustani, karibu na mnara mrefu wa mwandishi Walter Scott (wenye ngazi 287, mwupite tu), amesimama David Livingstone. Mama yako amekulia pwani, anaijua habari ya watu waliombeba maiti yake, Chuma na Susi na wenzao, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwa chifu Chitambo hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwenye sanamu yupo peke yake. Mwambieni mama awatajie hao wengine majina, kisha mvuke kwenda kituoni. Sakafu ya tramu iko sawa na jukwaa, hakuna ngazi hata moja.